Yaliyopita Ndiyo Ndwele

Ijumaa moja mwezi uliopita niliaga kwenye kikao chetu cha kusoma kabla kahawa haijaletwa. Anayeishi Maskati anajua uzito wa jambo hilo. Mgeni haondoki kabla ya kahawa, na mwenyeji aliyeachiwa dele lake limejaa ana haki ya kuuliza amekosa nini. Wenzangu hawakunikosea adabu hata kidogo. Walikikosea kitabu, na kwa kuwa pale sebuleni maneno yalinikwama kooni, nayaandika hapa.

Tuko tisa, wanawake watupu, na tunakutana Mabela, hapa Maskati, kwa zamu. Wazee wetu wengi walitoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, wakafika huku Sultan Qaboos alipoanza kuwaita watu wa nje warudi wajenge nchi. Kiarabu ni cha ofisini, Kiingereza ni cha vitabu, na Kiswahili ndicho tunachogombania. Safari hii tuligombania Freshwater, riwaya ya kwanza ya Akwaeke Emezi, mwandishi aliyezaliwa Umuahia, Nigeria, mwaka 1987. Ilitoka Marekani Februari 2018. Mpwa wa mmoja wetu aliileta kutoka London, ikapita mikono tisa hadi jalada likalegea.

Kwa ambaye hajaisoma: Ada anazaliwa na wenzake ndani yake. Waigbo huwaita ogbanje, watoto wanaokuja na kuondoka, wanaozaliwa ili wafe na kufa ili wazaliwe tena. Lango la upande wa pili lilipasa kufungwa siku ile ya kuzaliwa, likabaki wazi, na waliomo ndani ya mtoto hawakusahau walikotoka. Sehemu kubwa ya kitabu wanasimulia wenyewe, kwa “sisi”. Baadaye wawili wanapata majina. Asughara ni mkali, mchokozi, mwenye hamu ya kumrudisha Ada kwao, yaani kaburini. Saint Vincent ni wa kiume, mpole, na kupitia kwake Ada anawapenda wanawake. Ada anajikata ngozi, anajaribu kujiua, anaolewa na kuachana, anafanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti. Mwishoni anaacha kuwapiga vita walio ndani yake.

Hukumu ya sebuleni ilitoka kwa makundi mawili. La kwanza lilisema mtoto wa watu alikuwa mgonjwa wa akili, nafsi yake ilipasuka, na kama angefikishwa mapema kwa daktari hodari yasingefika yale. La pili likasema daktari wa nini, huyu kaingiwa, angesomewa tangu mdogo wangetoka wote na hayo mambo ya kupenda wanawake yangetoka nao. Walibishana karibu saa nzima, sauti zikapanda. Hatimaye mkubwa wetu kwa umri, ambaye namheshimu kama mama, akainua mkono akafunga mjadala: “Basi, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tusome kingine.” Wote wakacheka. Hapo ndipo nilipotafuta mkoba wangu.

Nianze na makundi yale mawili, kwa sababu walidhani wanapingana. Mmoja anataka vidonge viwatoe, mwingine anataka aya ziwatoe. Neno ni lile lile: watoke. Kwa wote wawili kupona ni kuondolewa kitu, kama mtu ang’olewavyo jino, na riwaya ya uponyaji ni ile ambayo ukurasa wa mwisho unamkuta mtu akiwa mmoja, mtulivu, ameolewa ikiwezekana. Magharibi nako wahakiki wengi walikisoma kitabu hiki kwa jicho la kundi la kwanza: wakaona mgawanyiko wa nafsi uliovishwa nguo za Kiafrika ili upendeze. Emezi mwenyewe ameshasema mara nyingi kwamba roho zile si mfano wa kitu kingine. Januari 2018, mwezi mmoja kabla riwaya haijatoka, aliandika katika jarida la The Cut juu ya upasuaji wake mwenyewe na juu ya kuwa ogbanje, bila kumwomba msomaji radhi na bila kumtafsiria. Wakubwa wa fasihi wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaendelea kusoma ugonjwa.

Wao nawasamehe. Nisiloweza kulisamehe ni kwamba watu wa pwani, wenye lugha yetu hii, wasome hivyo hivyo.

Bibi yangu alilelewa Ng’ambo, Unguja. Aliposimulia habari za ngoma za pepo hakusimulia mapambano. Mtu anaumwa, dawa hazimshiki, anapelekwa kwa fundi. Fundi anafukiza ubani kwenye chetezo, ngoma zinalia, na yule aliye ndani anapanda kichwani. Kisha anaulizwa. Hapa ndipo penye elimu yote: anaulizwa. Wewe nani? Umetoka wapi? Kiti chako kimekukosea nini? Unataka nini? Pepo anajibu kwa kinywa cha mgonjwa, anasema “mimi” akijikusudia yeye, na mwenye mwili humwita “kiti changu”. Anataja mahitaji yake: marashi, halua, kilemba cha rangi fulani, chano chenye vitu fulani, ngoma kila mwaka. Watu wa mgonjwa wanamsikiliza, wanapunguza bei, wanaahidi. Akiridhika anashuka. Mtu anaamka na njaa, anakula, anarudi kwake, na pepo wake anaendelea kuwa wake. Wapo waliokaa na pepo mmoja tangu usichana hadi uzee, wakamzoea kama mtu anavyomzoea mke mwenza.

Hayo si ya bibi yangu peke yake. Mwanaanthropolojia Kjersti Larsen wa Norway alianza kukaa Unguja katika miaka ya 1980, na kitabu chake cha 2008 kinawaeleza pepo hao, yaani masheitani, kabila kwa kabila: wa Kiarabu, wa rubamba kutoka Pemba, wa kibuki kutoka Madagaska ambao ni Wakristo na hunywa mvinyo mkali. Sheitani wa kiume hupanda kichwani kwa mwanamke, na akishapanda, mbele ya wote waliohudhuria, aliyeketi pale ni mwanamume. Wanamwamkia kama mwanamume. Anadai vya kiume. Hakuna anayezimia kwa mshangao. Sasa niambieni Saint Vincent ametushinda wapi.

Halafu lugha. Waandishi wa Kiingereza wamesumbuka na Emezi tangu mwanzo: waandike he, waandike she, waandike they? Mwaka 2019 riwaya ilipoingia katika orodha ndefu ya Tuzo ya Wanawake ya Fasihi ya Uingereza, kelele ilizuka kwa kuwa mwandishi hajiiti mwanamke wala mwanamume. Mimi nimeandika makala hii hadi hapa, nikamtaja Emezi mara kadhaa, na hakuna mahali Kiswahili kiliponilazimisha kuchagua. Ameandika. Amesema. Alizaliwa. Mdudu huyu mdogo “a-” amebeba bila jasho mzigo ambao Kiingereza kimeutua njiani mara tatu.

Najua nitakachoambiwa: hayo ya pepo ni shirki, tuliyaacha Unguja, na huku Maskati tumeshika dini. Sitaki kugeuza makala kuwa darsa, wala sina elimu hiyo. Nasema jambo la msomaji. Dada zangu wale wale waliokiita kitabu “hadithi ya njozi” wanaisoma Surat al-Jinn, sura ya 72, na hakuna hata mmoja atakayekubali kuwa majini ni njozi. Wakipita karibu na Bahla, mji unaosifika kwa majini, usiku wanasoma ayatul-kursi. Basi njozi ni ipi? Roho zikiwa zetu ni imani, zikiwa za Waigbo ni njozi? Duka la vitabu lina haki ya kukipanga kitabu kwenye rafu linayotaka, lakini msomaji wa Maskati akiirudia lebo ya duka anajikana mwenyewe.

Tena tuna kipimo cha karibu. Mei 2019 Jokha Alharthi alichukua Tuzo ya Kimataifa ya Man Booker kwa Sayyidat al-Qamar, pamoja na mfasiri wake Marilyn Booth. Ilikuwa mara ya kwanza kwa riwaya iliyoandikwa kwa Kiarabu, na mji mzima ulipigiana simu. Ndani ya riwaya ile yumo Zarifa, mwanamke aliyezaliwa utumwani, anayekwenda kwenye zar, ngoma ya pepo, jangwani na kurudi mwenye nguvu mpya. Imo habari ya mama aliyekufa baada ya kung’oa mrihani, na watu wakasema majini wamekasirika. Tulikisoma katika kikao hiki hiki. Sikumsikia mtu akisema Zarifa apelekwe hospitali. Sikumsikia mtu akisema asomewe watoke. Tulisema, naikumbuka sauti yake yule aliyesema, “huyu mama anajua kujitibu.” Zarifa alipewa heshima hiyo kwa sababu ni wetu, ni mtu mzima, na hampendi mwanamke mwenziwe.

Na hapo ndipo mashaka yangu yalipokaa. Sidhani kama wenzangu walitishwa na roho.

Wasomaji wa Kiswahili ogbanje hatukuwajua jana. Chinua Achebe alituletea zamani, na Clement Ndulute akatutafsiria riwaya yake kwa jina la Shujaa Okonkwo mwaka 1973. Aliyesoma anamkumbuka Ezinma, mtoto wa pekee aliyebaki kwa Ekwefi baada ya kuzika tisa, na mganga Okagbue akichimba shimo refu kuitafuta iyi-uwa, jiwe linalomfunga mtoto na wenzake wa upande wa pili. Jiwe likapatikana, wakashangilia. Kabla ya hapo ndugu yake mmoja aliyekufa alikatwakatwa maiti yake asithubutu kurudi. Hiyo ndiyo tiba ya kutoa, na Achebe aliiandika kwa macho ya wazazi, watu waliochoka kuzika. Ada anasimuliwa kutoka ndani ya shimo. Emezi anauliza swali ambalo Okagbue hakuwa na sababu ya kuliuliza: yule anayechimbuliwa anahisi nini? Anayesema kitabu hiki ni uzungu mtupu hajaona kwamba kinabishana na Achebe, Mwigbo kwa Mwigbo, juu ya jiwe lile lile.

Sasa nije kwenye kilichonitoa sebuleni.

Karibu saa nzima. Nilikuwa nikitazama saa ya ukutani, tabia mbaya niliyoipata kazini. Upasuaji wa matiti ulichukua zaidi ya nusu. Kila mtu alikuwa na la kusema: dhambi, wazimu, gharama, mama yake angejisikiaje. Saint Vincent akachukua robo. Soren hakutajwa. Si mara moja.

Soren ni kijana wa chuoni Virginia, mpenzi wa Ada, anayemwingilia bila ridhaa yake, tena na tena. Ada alikuwa amekuja Marekani akiwa msichana mwenye haya anayezungumza na Yesu kama na rafiki wa karibu. Asughara anazaliwa pale, katika chumba kile, kwa sababu Ada alihitaji mtu wa kusimama mbele yake. Mwandishi hakulificha jambo hilo pembeni. Ndilo uti wa mgongo wa riwaya. Ulevi, wanaume wanaopitiwa kama vituo vya basi, ile hasira yote, vinatoka hapo. Ukimwuliza Asughara, kama fundi wa Ng’ambo angemwuliza, wewe nani na umetoka wapi, atakujibu jina la mtu. Wanawake tisa, mama wa mabinti, tulikaa tukaujadili mwili wa Ada kana kwamba umejiharibu wenyewe.

Wapo watakaosema jambo hilo ni zito, halizungumzwi mbele ya kahawa. Lakini matiti yalizungumzwa. Mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke yalizungumzwa kwa starehe, kwa kicheko, kwa kupigana viganja. Haya yetu inachagua. Inamwonea haya aliyeumizwa na kumsahau aliyeumiza, halafu inaita kusahau huko busara na kuipa methali. Yaliyopita si ndwele. Ni methali nzuri kwa ndugu waliogombania shamba. Kwa msichana aliyebakwa ni mlango uliofungwa kwa nje. Na lugha yenyewe inaiumbua, maana kuganga ni kufunga jeraha, kuunga kilichovunjika. Mtu haungi mfupa wa kesho. Ada yaliyopita ndiyo ndwele yake, na hakuna ukurasa mmoja ambapo anaanza kupona kabla hajayageukia.

Kuna jeraha jingine lililopitwa, na hili lilikuwa karibu nasi zaidi kuliko Virginia. Mama yake Ada, Saachi, ni muuguzi. Watoto wakiwa bado wadogo alipata kazi Saudi Arabia, akaenda, akakaa huko miaka, watoto wakabaki Nigeria na baba. Fedha zilikuja, ada za shule zililipwa, na roho zile zinaeleza wazi kwamba nyumba isiyo na mama ndiyo iliyowapa nafasi ya kutanuka. Emezi hamlaumu Saachi; anamwonyesha akilia mbali. Hilo nalo halikutajwa, katika mji wa Ghuba, wakati halua ililetwa na dada wa kazi aliyewaacha watoto wawili Tanga kwa mama yake mzazi, anaowaona kwenye simu usiku. Aliweka sinia, akasimama kidogo mlangoni akisikiliza, maana ugomvi wetu ni wa Kiswahili na yeye anausikia wote. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, “Sasa dada, hao pepo walikuwa wanataka nini?” Mwenyeji alimwambia alete maji.

Swali la pekee la maana usiku ule lilirudishwa jikoni.

Kundi moja nimeliacha kwa makusudi, nalo ndilo litakalonikasirikia zaidi: wanaosema watu kama Ada hawapo kwetu, wameletwa na vitabu vya Wazungu na televisheni. Hili halihitaji hasira, linahitaji kumbukumbu. Mwaka 1977 Unni Wikan, naye wa Norway, aliyefanya utafiti Sohar katika miaka ya sabini, alichapisha katika jarida la Man makala juu ya mahanithi wa mji ule. Walikuwa na majina ya kiume na haki za kiume mbele ya sheria, lakini walikaa na wanawake, waliimba nao harusini, na walimwona bibi harusi uso wake pasipo mwanamume mwingine kuruhusiwa. Kanzu zao hazikuwa nyeupe kama za wanaume wala hazikuwa na maua kama nguo za wanawake. Walikuwa na rangi zao za katikati. Alikadiria kuwa ni mmoja katika kila wanaume hamsini. Aliyeoa na kuthibitisha uanaume wake usiku wa harusi alihesabiwa mwanamume kamili tangu asubuhi ile, na aliyefiwa na mke aliweza kurudi alikotoka. Makala yake haikuwa juu ya pepo. Wengi wa watu hao walijiuza, na mji uliwadharau hata ulipowapisha. Mwaka uliofuata, katika jarida hilo hilo, Gill Shepherd aliyeijua Mombasa akampinga. Walibishana jina la kuwaita watu hao na sababu za hali yao. Kwamba wapo, hakuna aliyebisha.

Neno hanithi lenyewe limo katika kamusi za Kiswahili tangu enzi za Mwingereza, na kwetu lilikuja kutoka Kiarabu hiki hiki cha huku. Kitu kisichokuwapo hakiombi jina kwa jirani. Na neno shoga, ambalo bara linatamkwa kwa kutema mate, Unguja bado ni neno la mwanamke kumwita mwandani wake. Bibi yangu alikuwa na shoga wake hadi anakufa, wakilala kitanda kimoja siku za mvua, wakigawana siri ambazo babu hakuzijua. Siwapi jina wasilojipa. Nasema tu kwamba lugha iliyozaa neno hilo haiwezi kudai haijawahi kusikia upendo wa wanawake.

Sheria ya Jinai ya Oman ya mwaka 2018 iko wazi juu ya haya, inaadhibu, na simshawishi mtu aivunje. Mwaka 2013 gazeti la The Week la hapa Maskati lilichapisha makala juu ya watu wa namna hii, likaishia kuomba radhi na kusimamishwa. Kwa hiyo najua kwa nini tunanong’ona. Lakini kunong’ona ni jambo moja, kusoma vibaya ni jingine. Hakuna kifungu kinachomkataza msomaji kumwona mhusika aliyebakwa.

Nikiri na upande wangu. Ukifuata hoja yangu kwa pupa utafika mahali pabaya: kwamba kila anayesikia sauti aachwe na sauti zake, apewe marashi na halua. Sijasema hivyo na riwaya haisemi hivyo. Asughara anataka kuua, na nusura afaulu. Pepo wetu nao hawakuwa wageni wa chai. Aliyewapuuza alidhoofika, na wapo waliozikwa. Fundi wa Ng’ambo hakukubali kila ombi: pepo akitaka roho ya mtu aliambiwa hapana, chukua mbuzi. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Masarra ipo Amerat, na najua familia zilizopoteza miaka kwa walimu wa vitabu kabla ya kufika pale na kupata nafuu. Mwenye mtoto anayejikata ampeleke leo. Ninachokataa ni daktari au mwalimu anayeanza na “watoke” kabla ya “nini kilikupata”. Madaktari wazuri huanza na swali hilo, walimu wazuri pia. Ada anapokwenda kwa mtaalamu, Asughara anamzuia asiseme, na nilipoisoma sehemu hiyo nilimhurumia mtaalamu. Ameketi mbele ya kiti, hajui aliyekikalia.

Wala sikitetei kitabu kizima. Mume wa Ada, Ewan, ni kivuli kinachopita. Kurasa za katikati zinarudia usiku ule ule kwa majina tofauti ya wanaume. Na roho zinapoanza kujisifu zinachosha kama mgeni anayehesabu safari zake. Kuna wapenzi wa Emezi pia wanaonikera kwa namna yao, wale wanaokiita kitabu hiki dawa, wanaokipendekeza kwa kila mwenye huzuni kama mafuta ya habbat sauda. Ada hamalizi akiwa mzima kwa maana yao. Akiwa mtoto, chatu alitokea bafuni, baba yake akamkata kwa panga, na hakuna aliyejua kwamba chatu ni umbo la Ala, mungu wa ardhi, aliyekuja kumtazama mwanawe. Mwishoni Ada anakubali kwamba yeye ni wa chatu yule. Makovu yapo, Saint Vincent yupo, matiti hayakurudi. Kilichobadilika ni kwamba anajua anaishi na nani, na kwa masharti gani. Bibi yangu angeuelewa mwisho huo bila kusoma Kiingereza hata neno moja. Angeuliza tu kama chano kiliandaliwa.

Ndiyo maana nataka kisomwe kwa Kiswahili. Jina lake tunalo tayari, Maji Baridi, kama tusemavyo samaki wa maji baridi kumtenga na wa bahari. Na “sisi” ya roho zile ingekaa katika lugha yetu kana kwamba haikutoka nje. Mfasiri mwenye moyo yupo mahali fulani, Unguja, Mombasa, au hapa hapa Sib, na huenda ananisoma. Ajue kwamba ana wasomaji tisa, nane kati yao wakali.

Kwenu dada zangu wa kikao: nilikosa kuondoka bila kahawa, naomba radhi kwa hilo peke yake. Ijumaa ijayo zamu ni yangu. Njooni na kitabu kile kile, tufungue sura ya Soren, na dada wa kazi wa mwenyeji wetu nimemwalika aketi nasi. Amekubali, na ameshauliza kama anaweza kukisoma kabla ya siku hiyo. Kipo kwa nani?